Mashine za kupima urefu na uzito za barabarani: jero yako inakupa nini na inakunyima nini

Kama unaishi Dar lazima unaijua ile sauti ya kurekodiwa inayojirudia toka asubuhi mpaka giza linaingia, karibu upime urefu na uzito, na mashine yenyewe imesimama pale watu wanapopita kwa wingi, Kariakoo, Mbagala Rangi Tatu, Buguruni, Manzese, pembeni kijana kakaa kwenye kiti cha plastiki anasubiri wateja. Unatoa jero, kama kuna na kupima presha inafika buku au zaidi, unapanda, unasimama wima, sekunde chache kikaratasi kinatoka. Nimezitumia sana hizi mashine za mitaa tofauti tofauti, nimesimama pembeni nikaangalia watu wanavyopokea majibu yao, na nina ya kusema kuhusu huduma yenyewe, kuhusu wahudumu, na kuhusu lile jambo zito lililoandikwa kwenye kile kikaratasi ambalo wengi wanalikunja wanaliweka mfukoni bila kuambiwa lina maana gani.

Niseme mapema, mimi hii huduma naikubali. Fikiria mara ya mwisho umepimwa uzito lini na wapi. Mwanamke wengi wetu ni kliniki ya ujauzito, mtoto akizaliwa mzani unakuwa wa mtoto, mama anasahaulika hapo hapo. Mwanaume ndo kabisa, labda JKT au siku alipolazwa. Nyumbani mzani hatuna, hospitali hatuendi mpaka tuumwe, kwahiyo mtu anaweza kuongezeka kilo ishirini ndani ya miaka kumi na hakuna sehemu yoyote iliyomwambia, zaidi ya nguo kubana na watu kumsifia kwamba maisha yamemkubali. Sasa inakuja mashine mpaka kituo cha daladala, haikuulizi bima, haikupangi foleni ya kadi, inakupa namba kwa bei ya andazi na chai. Hiyo ni huduma kubwa jamani na wale vijana wanaozisukuma juani wanastahili heshima.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi tu. Chini kuna mzani wa kawaida, juu kuna kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti yanagonga utosi wako yanarudi, inahesabu muda inapata urefu. Halafu inachukua kilo zako inagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ndo hiyo BMI. Mama mwenye sentimita 160 na kilo 82, moja nukta sita mara moja nukta sita ni 2.56, chukua 82 gawanya kwa hiyo 2.56 unapata 32. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 mpaka 24.9 ni sawa, 25 mpaka 29.9 uzito umezidi, 30 kwenda juu huo ni unene uliopitiliza ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) wanauhesabu kuwa ni ugonjwa wenyewe na sio muonekano tu. Hesabu hii ni ya zamani sana, alianza nayo Mbelgiji mmoja mtaalamu wa takwimu, Adolphe Quetelet, kwenye miaka ya 1830, na yeye alikuwa anatafuta wastani wa binadamu, wala hakuwa daktari wa kutafuta nani atapata kisukari. Kumbuka hilo.

Kwenye usahihi hapa ndo panataka umakini na hapa wahudumu wengi wanafeli. Viatu lazima uvue, kuna wanaokuacha upande na buti na mkoba begani na simu mbili. Kingine ni kichwani, ile mashine haijui nywele na fuvu, kwahiyo dada aliyesuka rasta akazifunga juu, au mama aliyepiga kilemba, anaongezewa urefu ambao hana. Chukua yule yule mama wa kilo 82, kilemba kikimpa sentimita 8 za bure mashine inasoma 168, BMI inashuka kutoka 32 mpaka 29, yani kikaratasi kinamtoa kwenye unene uliopitiliza kinampeleka kundi la chini yake na mwili wake ni ule ule. Shusha kilemba, fungua nywele zilizofungwa juu. Angalia na pale chini, mashine ikiwa juu ya kifusi au imeegemea upande mzani unadanganya. Kuna kipimo changu kidogo nafanya, napanda mikono mitupu, halafu namuomba kijana nipande tena na chupa ya maji ya lita moja na nusu haijafunguliwa, uzito ukiongezeka kilo moja na nusu hivi najua mzani uko vizuri, ukiongezeka kilo tatu au usipotikisika naondoka. Wengi hawakatai, wengine wanafurahi maana wenyewe hawajawahi kujaribu.

Kuna mashine zinaandika na asilimia ya mafuta mwilini. Hiyo usiitilie maanani sana. Kama hujashika vyuma viwili kwa mikono wala hujakanyaga vyuma peku, mashine haina njia yoyote ya kujua mafuta yako, inakadiria tu kutoka urefu na uzito ule ule inakuandikia kama vile ni kipimo kipya. Hata zile zenye vyuma majibu yanabadilika ukiwa umekunywa maji au umetoka jasho.

Sasa kitu kikubwa ambacho hizi mashine zinakosa, na ningekuwa na uwezo ningemnunulia kila mhudumu, ni futi ya fundi cherehani. BMI haijui mafuta yako yamekaa wapi, na mahali yalipokaa ndo habari yote. Mafuta ya mapajani na makalioni yana ustaarabu wake, yanakaa pale yanatulia. Ila yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ambayo huwezi hata kuyafinya kwa vidole maana yako chini ya misuli, yale yanafanya kazi usiku na mchana, yanamwaga asidi za mafuta moja kwa moja kwenye ini, yanatoa kemikali zinazowasha mwili uvimbe wa chini chini usiouona. Ndo maana unaona baba ana miguu miembamba, mikono miembamba, BMI 27, kikaratasi kinamwambia umezidi kidogo tu, kumbe kiuno sentimita 108 na sukari tayari imepanda. Mwanamke kiuno kikivuka 80 hatari imeanza, kikivuka 88 hatari ni kubwa, mwanaume ni 94 na 102. Hutaki kukariri namba, chukua kipande cha kamba chenye urefu wako, kikunje katikati, kizungushe tumboni usawa kidogo juu ya kitovu, kikishindwa kufika una kazi ya kufanya. Hii haina gharama hata shilingi na kwa maoni yangu inakuambia mengi kuliko mashine.

Upande wa wahudumu nimekutana na wa aina zote. Kuna kijana mmoja pale Mbagala namuombea kheri kila siku, ana sauti ya chini, anakukabidhi kikaratasi kimekunjwa, ukimuuliza anakuonyesha kwa kidole mstari wako uko wapi, anasema mama hapa umezidi, nenda kituo cha afya wakupime na sukari, basi. Hajakutisha hajakucheka. Halafu kuna mashine nyingine, siitaji iko wapi, inatamka kilo zako kwa spika. Kwa spika! Alipanda mama mtu mzima, ana kanga zake mbili na kikapu cha dagaa kakiweka pembeni, ikatangaza kilo mia na kumi na kitu, bodaboda wote kituoni wakageuka wakaanza kupiga miluzi, mhudumu naye akacheka. Yule mama alichukua kikapu chake akaondoka hajachukua hata karatasi. Mimi nilimfuata yule kijana nikamwambia mwanangu hapa umemfukuza mtu hospitali, hakunielewa, lakini ndo ukweli. Mtu akiaibishwa hapungui, anajificha. Haendi tena mahali penye mzani, akiumwa anachelewa kwenda kwasababu anajua ataambiwa ni unene wako, anakula kwa kujificha, na msongo wenyewe unamuongezea kula. Kama mmiliki wa mashine yupo anasoma hapa, tafadhali zimeni hiyo sauti ya kutaja kilo, acheni ile ya kukaribisha inatosha.

Na kuna wanaoweka meza pembeni ya mashine, ukishuka tu na kikaratasi chako cha namba nyekundu unaonyeshwa chai ya kukata tumbo, vidonge vya kuyeyusha nyama uzembe, mafuta ya kupaka kitambi kiishe. Hapa nakasirika kweli. Chai nyingi za namna hii zinatengenezwa na majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha, dawa halali kabisa kwa mtu aliyefunga choo kwa siku chache. Unakunywa, unaharisha, kesho mzani unasoma kilo mbili chini, unashangilia, kumbe yametoka maji na choo, mafuta hayajaguswa, ukinywa maji mzani unarudi. Ukiendelea wiki na miezi unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige kwa mpangilio, mtu anaanza kusikia moyo unaruka, misuli inakakamaa, utumbo nao unazoea hauendi tena wenyewe. Vidonge ndo hatari zaidi. Kulikuwa na dawa ya kupunguza uzito inaitwa sibutramini, Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2010 kwasababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na mpaka leo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zinaendelea kuikuta imechanganywa kimya kimya kwenye bidhaa zinazoitwa za asili tupu. Mtu mnene mwenye presha ndo mteja wao na ndo mtu ambaye hiyo dawa inamuua kirahisi. Kwa huduma yoyote yenye meza ya hivyo pembeni mimi natoa sifuri hata mashine iwe sahihi namna gani.

Tena tuseme na upande wa pili, kuna wadada wanameza vidonge vya kunenepesha ili wapate shepu, vile vya kuongeza hamu ya kula, siproheptadini, ambayo ni dawa ya aleji, wengine wanachanganya na deksamethasoni ambayo ni steroidi. Steroidi inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari na presha, na ukiiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu unaweza kuanguka maana tezi zako zimeacha kutengeneza ya kwake. Huo sio mwili mzuri, ni ugonjwa umevalishwa gauni.

Watu kwenye foleni swali lao kubwa ni moja, kwani nimefikaje huku mbona sili sana? Na wengi hawadanganyi. Nguvu tunayokula siku hizi haina ukubwa wa kuonekana kwenye sahani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, gramu moja ya mafuta inabeba 9 wakati ya wanga au protini ni 4, sasa hesabu chipsi mayai zinavyotengenezwa, viazi vimezama kwenye mafuta vikatoka, vikamwagiwa mayai na mafuta mengine, juu kachumbari kidogo kwa ajili ya rangi, pembeni soda. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari kama gramu 50 na kitu, hivyo ni vijiko vya chai zaidi ya kumi na viwili, na WHO wanasema mtu mzima sukari ya kuongezwa kwa siku nzima isizidi 50, ikiwa 25 ni bora zaidi. Na ile sukari ya kunywa haishibishi, unakunywa na bado chakula unakula kile kile. Asubuhi chai ya maziwa vijiko vitatu na chapati mbili, saa nne sambusa ofisini, mchana wali mlima na maharage ya nazi, jioni hujisikii kupika unapita kwa muuza chipsi. Hakuna mlo hata mmoja hapo ambao ni wa mlafi, ni maisha ya kawaida ya mtu wa mjini.

Halafu kutembea kumekufa. Mama yangu alikuwa anatwanga, anachota maji, anatembea kwenda shamba na kurudi, leo mimi bodaboda inanitoa mlangoni mpaka kituoni, nakaa kwenye foleni ya magari, nakaa kazini, nakaa kwenye foleni kurudi, nakaa kwenye tivii. Na usiniambie ni uvivu, barabara nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, jua la saa nane, vumbi, ukichelewa kurudi kuna vibaka, sasa dada wa watu akimbie wapi? Ukiamka saa kumi usiku kuwahi usafiri na unalala saa sita, usingizi mdogo nao unapandisha homoni ya njaa na kushusha ile ya kushiba, ndo maana siku uliyolala vibaya unatamani vitu vitamu na vya mafuta. Kuna uzazi, siku arobaini za mtori, supu na uji wa siagi kila baada ya muda, mimba ya pili inakukuta bado hujapungua ya kwanza. Kuna dawa kama zile za steroidi, baadhi ya dawa za akili, sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake. Kuna kurithi, watoto wa familia moja mnakula sufuria moja mmoja ananenepa mwingine hapana, hiyo ni damu. Na kuna pesa, wanga na mafuta ndo vitu vya bei nafuu vya kushibisha watoto sita, samaki na matunda sio vya kila siku. Usisahau na woga tulioupata miaka ile ukimwi unamaliza watu kabla ya dawa kupatikana kirahisi, ukikonda mtaa mzima unanong'ona, mpaka leo mtu akipungua kwa juhudi zake mwenyewe ndugu wanamuuliza kwa huruma unaumwa nini.

Sio sisi tu, WHO wanasema mwaka 2022 duniani mtu mmoja kati ya wanane alikuwa na unene uliopitiliza, na kwa Tanzania ule utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza, mijini hali ikiwa mbaya kuliko vijijini.

Sasa kile kikaratasi kikisema 32 maana yake nini kwa maisha yako, hili ndo ningependa liandikwe nyuma yake. Kisukari aina ya pili kinaanza kimya, ini na misuli vikijaa mafuta vinaacha kuisikiliza insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, kongosho linaongeza kutengeneza, linaongeza, miaka inapita mpaka linachoka, siku sukari inapanda wewe unaona ni kiu na kukojoa tu. Presha inapanda kwasababu moyo unasukuma damu kwenye mwili mkubwa zaidi na figo zinashika chumvi, presha ya miaka inaleta kiharusi, inaua figo. Ini lenye mafuta linaweza kufika mahali likasinyaa kama la mlevi hata kama pombe hujawahi kuonja. Kukoroma, tunacheka mtu akikoroma lakini kuna kukoroma kwa kukata pumzi, mtu anaacha kuvuta hewa usingizini anashtuka, mara nyingi kwa usiku, asubuhi anaamka kachoka na anasinzia kwenye usukani, mke ndo anajua, mke amwambie. Magoti, utafiti uliofanyika Marekani kwa wazee wenye magoti yaliyosagika ulionyesha kilo moja ukipunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, hebu piga hesabu ya hatua za siku nzima. Kwa wadada homoni zinavurugika, hedhi inapotea, mimba inakuwa ngumu kushika, ikishika kuna sukari ya mimba, kifafa cha mimba, mtoto mkubwa, kujifungua kwa kisu. Na saratani, watu hawajui kabisa hili, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2016 lilitaja aina 13 zinazohusiana na unene, ikiwemo ya matiti baada ya hedhi kukoma, ya utumbo mpana, ya ukuta wa mfuko wa uzazi, ya ini, ya figo.

Nimeeleza hayo sio kumtisha mtu, maana kuna habari njema na hakuna mhudumu hata mmoja aliyewahi kuniambia. Kikaratasi kinakuandikia uzito unaotakiwa, yule mama wa kilo 82 anaambiwa afike 64, anaangalia kilo 18 anakata tamaa anatupa karatasi. Kumbe hahitaji 18 ili apone hatari. Marekani walifanya utafiti mkubwa uliotoka 2002, watu ambao sukari yao ilikuwa inaelekea kwenye kisukari, wakasaidiwa wapunguze asilimia 7 tu ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki, uwezekano wa kupata kisukari ukapungua kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya 82 ni kama kilo 6. Kilo sita mtu anaziweza, kwa kuacha soda na sukari ya chai, kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, bamia, kabichi, na kushuka kituo kimoja kabla. Zitashuka taratibu, na mwili utapambana urudi ulipokuwa, hiyo nayo ijulikane, ukipungua seli za mafuta zinatoa homoni kidogo ya kuuambia ubongo umeshiba kwahiyo njaa inaongezeka, ni mwili unakulinda ukidhani kuna ukame. Ukirudisha kilo mbili usijitukane, endelea. Na kama BMI ni 35, 40, una presha na sukari tayari, hilo ni jambo la daktari, huduma zipo siku hizi, hospitali ya Mloganzila hapa Dar wanaweka puto tumboni, kuna sindano mpya za kupunguza njaa japo bei yake ni kubwa, ila zote ziwe kwa daktari na sio kwa mtu wa status ya WhatsApp.

Upande wa presha pale pale mtaani, kama utapima, omba kiti kwanza. Umetoka kupanda daraja la waenda kwa miguu jua kali umepima ukiwa umesimama, lazima isome juu. Kaa dakika tano, miguu chini, usiongee. Na mtu wa mkono mnene aulize kama kuna ule mkanda mkubwa, mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unapandisha presha ya uongo, nimeona watu wanatishwa bure hivyo. Ikisoma juu usianze dawa wala usiache dawa, nenda kituoni warudie.

Maksi zangu sasa. Bei 5 kwa 5. Urahisi 5 kwa 5. Usahihi wa uzito 4 ukiwa umekagua kwa chupa ya maji, urefu 3 kwasababu ya nywele na viatu. Asilimia ya mafuta 0. Faragha 2, na ile ya spika haipati kitu. Maelezo baada ya majibu 1, na hapa ndo pangeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kabisa, karatasi moja ya maelezo ya Kiswahili iliyobandikwa kwenye mashine na futi ya fundi.

Mjamzito hiyo BMI haikuhusu, kliniki wana utaratibu wao. Mtoto na kijana chini ya miaka 19 pia, wao wanasomwa kwa umri na jinsia, usimpandishe mwanao wa miaka tisa ukaanza kumnyima chakula kwa sababu ya kikaratasi cha barabarani. Mbeba vyuma mwenye misuli ataambiwa mnene bila kuwa mnene, na mtu aliyevimba miguu kwa maji ya figo au moyo atasoma kilo zisizo za mafuta, huyo aende hospitali leo.

La mwisho ni la karatasi yenyewe, ni ile ya risiti inayofutika, ukiiweka kwenye waleti baada ya miezi miwili ni nyeupe tupu. Ipige picha hapo hapo na simu, na jitahidi upime muda ule ule, asubuhi kabla hujala ni bora, kwenye mashine ile ile. Wa Mwanza, Arusha na Zanzibar tuambieni huko kwenu ni shilingi ngapi na kama wanawavua viatu.